Kalibu, Kiasi na Mtutu: Majina ya Silaha za Moto katika Historia ya Ngara na Biharamulo

Utangulizi

Mfasiri anayekabidhiwa waraka unaohusu silaha za moto hukutana mapema na jambo linalomfanya aweke kalamu chini. Waraka unataja bastola ya aina iitwayo derinja, nao unasema kwamba ni ndogo kwa umbo lakini kubwa kwa kipimo cha tundu lake. Akiandika "bastola ndogo kubwa" atachekwa. Akiandika "bastola ndogo" atakuwa ameacha nusu ya maana. Akiandika "bastola kubwa" atakuwa amesema lisilo kweli, maana chombo chenyewe hufichika katika kiganja cha mkono.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba tatizo hili halitokani na umaskini wa Kiswahili. Lugha yetu ilikwisha kuwa na utaratibu mzuri wa kuziita silaha za moto, tena utaratibu uliokuwa sahihi kuliko huu tunaoutumia sasa. Zamani bunduki ilipewa jina kwa namna ilivyowashwa na ilivyolishwa. Siku hizi tumezoea kuigawa kwa maneno mawili tu, ndogo na kubwa. Mabadiliko hayo yana hasara, na hasara yake haiishii katika kamusi.

Tumechagua kulieleza jambo hili kwa kufuata historia ya wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera. Wilaya hizi zimezifahamu silaha za moto kwa njia nyingi: misafara ya biashara kutoka pwani, majeshi ya wakoloni, wafua chuma wa huko huko, na vita vya nchi jirani za Rwanda na Burundi. Isitoshe, huko ndiko swali la manufaa ya kumiliki silaha limekuwa swali la maisha ya kila siku. Sheria iliyopitishwa mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Kwa hiyo neno linaloandikwa leo na mfasiri ndilo litakalosomwa kesho katika hati ya mashtaka, na mtu anaweza kupoteza uhuru wake kwa ajili ya maana yake.

Derinja ni silaha gani?

Yafaa kwanza tukifahamu chombo chenyewe. Jina hili limetokana na Henry Deringer, fundi wa bunduki wa Philadelphia, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1786 na kufariki mwaka 1868. Deringer alitengeneza bastola fupi za kutiwa mfukoni. Zilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu, zikawashwa kwa fataki, na zilipiga risasi moja tu kabla ya kushindiliwa tena. Mafundi wengi walimwiga, na katika kuiga huko jina likaanza kuandikwa kwa r mbili, likawa jina la jumla la bastola zote za namna hiyo. Lilienea zaidi baada ya tarehe 14 Aprili 1865, siku ambayo John Wilkes Booth alimpiga Rais Abraham Lincoln katika jumba la michezo la Ford mjini Washington kwa bastola ya fundi huyo.

Kiwanda cha Remington kilianza mwaka 1866 kutengeneza derinja yenye mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, iliyotumia risasi zenye ganda. Kiliendelea kuitengeneza hadi mwaka 1935. Tundu la mtutu wake lilikuwa na upana wa takriban milimita 10. Hata leo viko viwanda vya Marekani vinavyotengeneza derinja, nyingine zikiwa na tundu la zaidi ya milimita 11. Hizo ndizo zinazoitwa za tundu kubwa.

Hapo msomaji atambue jambo la kwanza linalopotosha. Tundu la bunduki ya kivita ya AK, ambayo imeua watu wengi katika eneo la Maziwa Makuu, lina upana wa milimita 7.62 tu. Kwa kipimo hicho derinja ni "kubwa" na AK ni "ndogo". Lakini risasi ya derinja ya Remington ilikuwa na uzito wa gramu 8 na kidogo, nayo ilitoka kwa mwendo wa takriban mita 130 kwa sekunde. Risasi ya AK, yenye uzito unaokaribiana na huo, hutoka kwa mwendo wa takriban mita 700 kwa sekunde. Kwa kuwa nishati ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa mraba wa mwendo wake, risasi ya AK ina nishati ya zaidi ya mara 20 ya ile ya derinja. Sababu ya tofauti hiyo ni kiasi cha baruti kilichomo katika ganda na urefu wa mtutu unaoisukuma risasi. Basi upana wa tundu peke yake hautuambii nguvu ya silaha, na wala ukubwa wa umbo hautuambii upana wa tundu. Haya ni mambo matatu mbalimbali, nayo yanahitaji maneno matatu.

Majina ya kale na njia yalikopitia

Neno bunduki tumelipata kutoka Kiarabu, kama vile risasi, ambalo asili yake ni jina la madini, na baruti, ambalo limepita katika lugha nyingi za mashariki. Bastola ni neno la Kizungu lililozoea mazingira yetu. Mzinga ni letu wenyewe: ni gogo lililotobolewa la kufugia nyuki, nalo likahamishiwa silaha kubwa ya vita kwa sababu ya kufanana kwa umbo. Katika misitu ya Biharamulo, ambako ufugaji wa nyuki ni kazi ya siku nyingi, maana hizo mbili zingali zikieleweka bila kugongana.

Jambo la maana zaidi ni namna wenyeji wa pwani walivyozigawa bunduki. Kamusi za zamani zimetuhifadhia bunduki ya mrao, yaani ile iliyowashwa kwa utambi. Bunduki ya gumegume, iliyowashwa kwa jiwe la kutoa cheche. Bunduki ya fataki, iliyowashwa kwa kifuniko kidogo chenye dawa ya kulipuka. Na bunduki ya viasi, iliyotiwa risasi kwa nyuma zikiwa tayari ndani ya maganda yake. Bunduki yenye mitutu miwili iliitwa ya midomo miwili. Katika orodha hiyo hakuna ndogo wala kubwa. Kila jina linamwambia msikilizaji jinsi bunduki inavyofanya kazi, na kwa hiyo linamwambia pia itachukua muda gani kupigwa mara ya pili, na kama itawaka siku ya mvua.

Majina haya yalisafiri pamoja na misafara. Mwaka 1861 Speke na Grant walipita Uzinza, kisha wakaingia nchi waliyoiita Usui, ndiyo Rusubi, iliyo katika sehemu za Biharamulo na Ngara za leo, kabla ya kufika Karagwe. Msafara wao ulikuwa na walinzi wenye bunduki. Hata hivyo bunduki hizo hazikuwaepusha na hongo. Mtemi Suwarora wa Usui aliwazuia mpaka walipotoa nguo, shanga na nyaya za shaba kwa kiasi alichotaka. Hilo ni fundisho la kwanza kuhusu manufaa ya silaha katika nchi hii: mwenye bunduki chache katika nchi ya watu wengi, anayehitaji chakula, maji na njia, hana budi kuzungumza na wenye nchi.

Mgawanyo wa Waswahili haukuwa wa mitaani tu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa sahihi na mataifa ya Ulaya pamoja na mengineyo, Zanzibar ikiwemo, ulizuia kuingizwa silaha za moto katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Lakini uliruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume zenye mtutu laini, pamoja na baruti ya kawaida. Zilizozuiwa hasa ni zile zenye michirizi ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu, na zile za viasi. Yaani mwanasheria wa Brussels na mchukuzi wa Bagamoyo walizigawa bunduki kwa kufuata njia moja. Mkataba uliandikwa ili kuzuia biashara ya watumwa; na kwa kweli ulihakikisha pia kwamba silaha bora zingebaki mikononi mwa wakoloni. Mwaka 1894, Götzen alipovuka mto Kagera huko Rusumo na kuingia Rwanda akiwa na askari wake, tofauti kati ya gumegume na viasi ilikuwa imekwisha kuwa tofauti kati ya mtawaliwa na mtawala.

Gobore na wafua chuma

Nchi ya Uzinza ilikuwa mashuhuri kwa chuma muda mrefu kabla ya ukoloni. Wafua chuma walioitwa Warongo waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, na majembe yao yaliuzwa hadi Usukuma. Ujuzi wa kufua chuma haukupotea watu walipoanza kununua majembe ya kiwandani. Katika mikoa ya magharibi mwa Tanzania, Kagera ikiwa mmojawapo, mafundi wameendelea kutengeneza na kukarabati bunduki ambayo wananchi huiita gobore, na wengine huitamka gobole. Bunduki hiyo ina mtutu wa bomba la chuma na kitako cha mti. Hushindiliwa kwa mdomo, baruti kwanza, kisha goroli au vipande vya chuma.

Wakati wa ukoloni na baada ya Uhuru, gobore lililoandikishwa lilikuwa chombo cha mkulima. Lilitumika kuwafukuza nguruwe mwitu na nyani mashambani, na pia kuwindia. Tundu lake ni pana, mara nyingi pana kuliko la derinja yoyote. Mwendo wa risasi zake ni mdogo. Na hupiga mara moja tu. Ukiukata mtutu wa gobore na kukiondoa kitako chake, kilichobaki mkononi kwa maana ya kiufundi ni kile kile alichokitengeneza Deringer huko Philadelphia: bastola ya tundu pana, ya risasi moja, ya kupigia karibu. Kwa hiyo tusiione derinja kuwa kitu kigeni kisicho na mfano kwetu. Jamaa yake tunaye tangu zamani. Tofauti ni kwamba gobore refu lina kazi shambani, ilhali lililokatwa halina kazi shambani hata kidogo. Taarifa za polisi nchini zimezoea kutaja bunduki "iliyokatwa mtutu na kitako", na kila msomaji huelewa mara moja kwamba aliyeikata hakukusudia nguruwe.

Vita Kuu ya Kwanza iliongeza msamiati. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Biharamulo yakitoka upande wa Rwanda, na mapigano yakafanyika katika eneo hilo. Bombomu, yaani bunduki ya kupiga mfululizo, ni neno la miaka hiyo, nalo limeigwa kutoka sauti ya silaha yenyewe. Baada ya vita mpaka ulipangwa upya. Bugufi, ambayo ilikuwa na uhusiano na ufalme wa Burundi, ikabaki Tanganyika, nayo sasa ni sehemu ya Ngara. Wahangaza wa huko husema lugha inayofanana sana na Kirundi. Katika Kinyarwanda, silaha ya moto ni imbunda, jina linalobeba aina zote kama lilivyo neno bunduki kwetu, na bastola huitwa masotera. Mkalimani wa Ngara hufanya kazi katikati ya maneno hayo, na upana wa imbunda hukutana na upana wa bunduki bila ya lolote kati yao kuongeza uwazi.

Mwaka 1994 na baada yake

Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara katika muda wa takriban siku moja. Walinzi wa Tanzania waliwataka waache silaha zao mpakani, na marundo ya mapanga yalibaki kando ya barabara. Kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kutokana na kampuni ya ujenzi ya Kitaliano iliyokuwa na kituo mahali hapo, ikawa kwa ghafla mojawapo ya makazi makubwa ya watu nchini. Zikafuata kambi nyingine, kama vile Lumasi, na Lukole iliyopokea Warundi. Wakimbizi wa Rwanda walirudi kwao kwa wingi mwezi Desemba 1996, na kambi za Warundi katika Ngara zilifungwa miaka kadhaa baadaye.

Wengi wa watu hao walikuwa wakulima, kina mama na watoto waliokimbia kifo, na haifai kuwabebesha wote lawama ya wachache. Lakini ni kweli pia kwamba vita vya Rwanda na Burundi viliacha bunduki nyingi za kivita zikizunguka mipakani, na kwamba barabara za Biharamulo, hasa zile zinazopita Lusahunga na Nyakanazi, zilipata sifa mbaya ya utekaji wa magari. Ikafika wakati mabasi yakawa yakisafiri kwa misafara, yakisindikizwa na askari wenye silaha. Mwezi Julai 2013, Rais Jakaya Kikwete, akiwa ziarani mkoani Kagera, aliwapa majambazi na wahamiaji haramu wiki mbili wajisalimishe. Mwezi Septemba mwaka huo ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita.

Msamiati wa kipindi hicho wastahili kuangaliwa. Bunduki ya AK na zile zilizoigizwa kutokana nayo huitwa SMG na askari wetu, na magazeti yakafuata. Herufi hizo ni ufupisho wa jina la Kiingereza la silaha ya namna nyingine, yaani bunduki fupi ya kupiga mfululizo kwa risasi za bastola. Askari mwenyewe hapotei, kwani anaijua bunduki anayoitaja. Anayepotea ni mfasiri anayezifumbua herufi hizo kwa kufuata kamusi, kisha akaandika katika waraka wa kimataifa kwamba kijijini fulani kumekamatwa silaha ambayo kwa kweli haikuwapo.

Upotevu mkubwa zaidi umo katika jina la "silaha ndogo ndogo na silaha nyepesi". Jina hili lilienea kwetu pamoja na Azimio la Nairobi la mwaka 2000 na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004. Katika Itifaki hiyo, silaha ndogo ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matumizi ya mtu mmoja. Kwa hiyo AK ni silaha ndogo. Hata bunduki nyepesi ya kupiga mfululizo ni silaha ndogo. Silaha nyepesi ni ile ya kikundi, nayo kwa kawaida huwa nzito na kubwa kuliko silaha ndogo. Mwananchi anayesoma tangazo la kusalimisha "silaha ndogo ndogo" hana kosa akidhani kwamba linahusu bastola, na kwamba gobore la marehemu babu yake, lenye urefu wa kumfikia kifuani, halimo. Serikali imepata kutangaza mara kadhaa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari. Kipindi cha namna hiyo kikipita, mtu aliyelielewa neno kama linavyosemwa mtaani hujikuta upande wa pili wa sheria.

Je, silaha hii ina manufaa?

Hapa tufikirie swali ambalo mwalimu au mtumishi wa umma huulizwa: mtu anayeishi Ngara au Biharamulo angefaidika na nini kwa kumiliki bastola fupi ya tundu kubwa? Tulijibu kwa kutumia msamiati wenyewe, kwani jina sahihi la chombo lina jibu ndani yake.

Ni bastola ya mtutu mfupi. Maana yake ni kwamba risasi haipati muda wa kusukumwa, na mlengaji hana urefu wa kulengea. Umbali wake ni wa chumba kimoja. Mteka magari wa barabarani, mwenye bunduki ya kivita, hupiga kutoka umbali wa makumi ya mita au zaidi.

Ni ya viasi viwili, au kimoja. Akishavimaliza, mwenyewe hufungua mitutu, huyatoa maganda kwa vidole, na kutia vingine, tena gizani na mikono ikitetemeka. Bunduki anayopambana nayo hubeba risasi 30 katika magazini yake.

Ni ya tundu kubwa na uzito mdogo. Baruti inapolipuka, chombo hurudi nyuma kwa nguvu na kuumiza kiganja, kwa sababu hakina uzito wala kitako cha kuupokea msukumo huo. Watu wachache hupenda kufanya mazoezi na chombo kinachoumiza, na asiyefanya mazoezi hakosi kukosa.

Ni ya kufichwa. Hiyo ndiyo sifa yake pekee iliyo kamili, nayo ilizaliwa katika miji ya Marekani ya karne ya 19, penye kumbi za kamari na mabehewa ya abiria, ambako adui alikaa ng'ambo ya meza. Kwa mkulima wa Biharamulo, anayekabiliana na nguruwe mwitu shambani au nyati aliyetoka hifadhini, kufichika si sifa. Kwa mwenye duka wa Ngara, silaha iliyofichwa chini ya mto haimzuii mwizi asiyeijua. Na mwizi anayeijua huja kuitafuta hiyo kwanza.

Zaidi ya hayo, sheria ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015 inataka kibali kwa kila anayemiliki silaha ya moto, iwe fupi au ndefu. Risasi za vipimo visivyo vya kawaida ni ghali na ni adimu, na bastola isiyo na risasi ni kipande cha chuma kinachomtia mwenyewe hatarini bila kumlinda. Kwa kuyapima hayo yote, hatuoni manufaa yanayolingana na gharama wala hatari. Kilichorudisha usalama barabarani hakikuwa bastola za mifukoni. Ilikuwa ni ulinzi wa pamoja: doria za askari, misafara ya mabasi, taarifa za wanavijiji, na kupungua kwa vita upande wa pili wa mpaka. Suwarora aliwafundisha wageni wake jambo linalofanana na hilo mwaka 1861.

Mapendekezo ya istilahi

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza mambo manne kwa wafasiri, walimu na watumishi wenzetu.

Kwanza, upana wa tundu la mtutu uitwe kalibu. Wengi wameanza kuandika "kaliba" kwa kufuata matamshi ya Kiingereza. Lakini neno la Kiingereza lilipita Kifaransa na Kiitaliano, na asili yake inakubaliwa kuwa neno la Kiarabu lenye maana ya kielelezo cha kumiminia chuma au risasi. Neno hilo hilo Waswahili tulikwisha kulichukua moja kwa moja kwa umbo la kalibu, likiwa na maana ya chombo cha kusubu. Zamani kila bunduki ilikwenda na kalibu yake, kwa kuwa risasi ilipaswa kusubiwa ilingane na tundu. Kwa hiyo tukisema "bastola ya kalibu ya milimita 11" hatukopi neno jipya; tunamrudisha nyumbani jamaa aliyezunguka Ulaya.

Pili, neno kiasi lirejeshwe kwa maana yake ya zamani pale panapohitajika uangalifu. Leo risasi ni ile pande ya chuma inayoruka, na pia ni kitu kizima chenye ganda, baruti na fataki. Katika mahakama tofauti hiyo ni nzito: kinachotolewa mwilini na daktari ni risasi, kinachookotwa chini ni ganda, kinachokutwa mfukoni hakijapigwa ni kiasi. Tukihofia kwamba kiasi kitachanganywa na maana yake ya kipimo, tuseme "kiasi cha bunduki" au "kiasi cha bastola".

Tatu, derinja ielezwe kwa sifa zake inapotajwa mara ya kwanza: "bastola ya mtutu mfupi, ya kiasi kimoja au viwili, yenye kalibu pana". Baada ya hapo jina derinja litoshe. Neno pana lachaguliwa badala ya kubwa ili msomaji asifikirie umbo wala nguvu.

Nne, jina la "silaha ndogo ndogo na silaha nyepesi" lifikiriwe upya katika matangazo yanayowahusu wananchi. Tunapendekeza "silaha za mtu mmoja na silaha za kikundi", pamoja na mifano: bastola, gobore, shotigani, bunduki za kivita. Pale ambapo jina la Itifaki halina budi kutumika kwa kuwa ni jina rasmi, maelezo hayo yafuate papo hapo.

Hitimisho

Tumeona kwamba waliotutangulia waliiita bunduki kwa kazi yake, na kwamba sisi tumejizoeza kuiita kwa ukubwa wake. Katika wilaya kama Ngara na Biharamulo, ambako silaha zimeingia kwa kila mlango na lugha nne au tano hukutana katika kituo kimoja cha polisi, mazoea hayo ni ya hatari. Hakimu, mkalimani, mtendaji wa kijiji na mjane mwenye gobore la marehemu ukutani wanapaswa kulielewa neno moja kwa namna moja. Wasomaji wenye majina mengine yanayotumika katika wilaya hizo, kwa Kihangaza, Kishubi, Kizinza au Kisubi, tunawaomba wayaandike na kuyaleta, pamoja na maelezo ya kila chombo: kinawashwaje, kinalishwaje, na hupiga mara ngapi.